Hester Bateman, mama mujane wa vijiko vya feza

Mu mwaka 1760, mu muji wa London, fundi mumoja wa minyororo ya zahabu, John Bateman, alikufa na ugonjwa wa kifua. Aliachia bibi yake Hester watoto pamoja na vyombo vya kazi. Huyu mama alikuwa amepita miaka 50, na hakujua kuandika. Sisi watu wa migodi tunajua vile nyumba inabaki siku baba hayuko tena.

Hester hakuuza nyundo za bwana yake. Mwaka 1761 alienda ku chama cha mafundi wa zahabu na feza, akaandikisha chapa yake: herufi mbili tu, HB. Mu atelye ya Bunhill Row, yeye na wana wake Peter na Jonathan walianza na vitu vidogo, zaidi vijiko. Kisha wakafika ku mabirika ya chai.

Ilikuwa wakati wa wafalme George. Waingereza walipenda chai sana, na hata kijiko kilisema siasa. Mafundi wa London walipiga picha ku mugongo wake: merikebu, taji, ao ndege aliyetoka mu tundu, alama ya wale waliomufuata John Wilkes, mutetezi wa uhuru. Kijiko kililazwa kifudifudi ku meza, na wageni wote wakaona picha.

Leo wenye kukusanya vijiko hivi wanavigeuza kwanza. Simba anayetembea ni kusema feza ni ya kweli, sehemu 925 mu 1000. Kichwa cha mufalme, tangu Desemba 1784, ni kusema kodi imelipwa. Kisha wanatafuta HB. Wakiiona, wanafurahi.

Hester aliacha kazi mwaka 1790, akafa mwaka 1794. Jonathan alikufa mbele yake, mwaka 1791. Bibi yake Ann, mujane naye, akaandikisha chapa pamoja na Peter, na kazi ikaendelea mupaka ku wajukuu.

Shaba yetu inatoka huku bila jina la yule aliyeichimba. Njo maana tunapenda habari ya huyu mama. Hakujua kuandika jina lake ku karatasi, lakini alilipiga mu feza, na mupaka leo watu wanalisoma.