Semei Kakungulu: Alitafuta Ufalme, Akapata Agano

Soma Kutoka 19:5, 6 na Mhubiri 12:13. Kulingana na mafungu haya, mwanadamu anapata wapi kusudi la maisha yake?

Wengi hujichagulia kusudi la maisha, kisha humwomba Mungu alibariki. Maandiko ya Kiebrania yanafundisha njia nyingine. Mungu ndiye anayeita kwanza. Hufanya agano na watu wake na kuwapa amri zake, nao hulipata kusudi lao wanapoitika na kutii. Semei Kakungulu wa Uganda alijifunza jambo hili akiwa mtu mzima, baada ya kukosa kile alichokitamani kuliko vyote.

Kakungulu alizaliwa yapata mwaka 1869. Katika miaka ya 1880 mmishonari wa Kiprotestanti alimfundisha kusoma Biblia, nayo ilikuwa Biblia ya Kiswahili. Akawa jemadari mashuhuri wa Buganda. Aliwatumikia Waingereza na kuwatiishia nchi ya Bukedi, mashariki mwa Uganda, akitumaini kwamba watamfanya mfalme huko. Lakini Waingereza walilipunguza eneo lake na mamlaka yake, akabaki kuwa mtumishi wao tu. Ufalme haukuja.

Kufikia mwaka 1913 alikuwa amejiunga na Wamalaki, kundi la Kikristo lililokataa dawa za hospitali. Hata hivyo, aliendelea kuchunguza vitabu vya Musa. Alipoona kwamba tohara ilikuwa ishara ya agano la Mungu na Ibrahimu (Mwanzo 17), mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Wenzake walimpinga wakisema kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi. Naye akaamua kwamba, kama ndivyo, yeye ni Myahudi.

Uamuzi huo ulimtenga na wengi. Alikaa Gangama, chini ya Mlima Elgon, karibu na Mbale, pamoja na wafuasi walioitwa Abayudaya. Walitunza Sabato ya siku ya saba. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda chenye sala na kanuni za imani yao. Mtu aliyewahi kuamuru majeshi sasa aliwafundisha watu wake jinsi ya kuishi mbele za Mungu, nyumbani na mezani.

Kakungulu alifariki Novemba 24, 1928, bila taji. Miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku dini yao, na wengi wakaiacha. Wachache walishikilia imani kwa siri. Hadi leo Abayudaya wanaabudu siku ya Sabato karibu na Mbale. Nchi aliyoiteka kwa silaha ilichukuliwa na wengine, bali utii aliowafundisha watu wake umedumu.

Waadventista Wasabato hawakubaliani naye katika yote. Kakungulu aliliweka kando Agano Jipya, ilhali sisi tunaamini kwamba ahadi alizopewa Ibrahimu zimetimia katika Kristo, na kwamba tohara si sharti la wokovu (Wagalatia 5:6). Hata hivyo, maisha yake yanatuuliza swali zito: je, tunatii kile tunachokisoma, hata kinapotugharimu?

Mkulima wa Mwese, kule Katavi, anapoweka jembe chini Ijumaa jua linapotua, huku mvua za kupandia zimeshaanza, anakiri kwamba uhai wake hautegemei shamba. Yeye ni mali ya Mungu kwanza, ndipo ni mkulima.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni jambo gani ulilolitamani sana ukalikosa? Je, Mungu alitumia kukosa huko kukuonyesha wito wake?

2. Soma Mika 6:8. Kusudi linalotajwa hapo linawezaje kutimizwa na mtu asiye na cheo wala mali?

3. Kuna tofauti gani kati ya kutii ili tukubaliwe na Mungu na kutii kwa sababu ametuita kuwa wake?