George McClellan: Jenerali aliyepigwa kalamu, tandiko lake likabaki

KAMA umewahi kukalia boda yenye kiti kilichochakaa kutoka Githurai hadi tao, unajua vile kiuno hulia. Sasa chukulia hiyo boda nayo ina mgongo wa nyama na mifupa, na kiti kikikaa vibaya inachubuka kabla yako. Hapo ndipo majeshi ya zamani yaliyopigana juu ya farasi yalikuwa yakiumia, na mmoja wa waliojaribu kutafuta dawa alikuwa Mmarekani George Brinton McClellan.

Jamaa alizaliwa Philadelphia mnamo Disemba 3, 1826, babake akiwa daktari wa upasuaji. Kichwa kilikuwa chepesi ajabu. Chuo kikuu aliingia akiwa na miaka 13, akahamia chuo cha kijeshi cha West Point akiwa na 15, na mwaka wa 1846 akahitimu wa pili katika darasa la watu 59. Aliwekwa katika kikosi cha wahandisi na punde si punde akajipata vitani Mexico.

Mnamo 1855 alihamishiwa kikosi cha wapanda farasi akiwa kapteni, kisha akatumwa Ulaya na maafisa wengine wawili kutazama vita vya Crimea. Walipofika Sevastopol, mji ulikuwa tayari umeanguka. Lakini McClellan hakurudi mikono mitupu. Alijifunza Kirusi ili asome kanuni za wapanda farasi wa Urusi, akachungulia vifaa vya majeshi mengine, na aliporudi nyumbani 1856 akaandika ripoti ndefu na kupendekeza tandiko jipya. Jeshi lililijaribu, likaliidhinisha 1859.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana umbo la tandiko ndilo kila kitu. Uti wa mgongo wa farasi haukuumbwa kubebea mtu. Uzito unafaa kukaa juu ya misuli iliyo pande mbili za uti huo, nyuma ya mabega, na usipite ubavu wa mwisho. Tandiko likiwa jembamba mno mbele, linambana farasi pale shingo inapokutana na mgongo, na bega halisongi vizuri. Likiwa pana mno, linazama na kuukalia mfupa. Kuna pia lile linalogusa mbele na nyuma huku katikati likielea kama daraja: hapo uzito wote unaangukia sehemu nne ndogo, na baada ya siku chache utaona vidonda. Kidonda kikipona, mara nyingi manyoya huota meupe mahali pale. Ni kama risiti ya uzembe wa mtu.

Tandiko la McClellan lilijibu shida hiyo kwa njia rahisi. Fremu ilikuwa mbao mbili za pembeni zilizofuata mgongo, zikaunganishwa kwa tao mbele na tao nyuma. Katikati kuliachwa mwanya mrefu, wazi kabisa, hivyo hakuna kitu kilichogusa uti wa mgongo, na hewa ilipita. Mto haukuwepo. Chini yake kulitandikwa blanketi lililokunjwa. Lilikuwa jepesi, la bei nafuu, na rahisi kutengenezwa kwa wingi.

Mpandaji sasa? Pole yake. Fremu ilifunikwa ngozi mbichi, ambayo ikilowa mvua kisha ikaanikwa na jua hupasuka, na ule mwanya uliomfaa farasi ulipita moja kwa moja chini ya makalio ya askari. Kwa kijana anayeendesha kutwa nzima, hiyo si mchezo. Viti vilikuja kwa vipimo vitatu, inchi 11, 11 na nusu, na 12, lakini hivyo vilikuwa vipimo vya askari. Upande wa farasi, blanketi ndilo lilitarajiwa kuziba pengo.

McClellan mwenyewe aliacha jeshi 1857, akaenda kufanya kazi na kampuni za reli. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka 1861 aliitwa tena, na kabla mwaka haujaisha alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Kaskazini, miaka 34 tu. Alijua kupanga na kufunza askari, nao walimpenda. Kusonga mbele ndiko kulimshinda. Kila mara aliamini adui ana watu wengi kuliko walivyokuwa.

Mnamo Septemba 17, 1862 alipambana na Robert E. Lee pale Antietam. Takriban watu 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea siku hiyo moja. Lee alirudi nyuma, na McClellan hakumfukuza. Wiki zikapita. Rais Abraham Lincoln alipomsukuma, jenerali alimtumia ripoti ya kikosi kimoja cha wapanda farasi kutoka Massachusetts: kati ya farasi 267 waliokuwa kambini, 128 hawangeweza kutoka, baadhi wakiwa na vidonda mdomoni, wengine miguu mibovu, wengine migongo iliyochubuka. Waliosalia wazima walikuwa wamechoka na kukonda.

Lincoln alijibu kwa kejeli, akitaka kujua farasi hao wamefanya kazi gani tangu Antietam hata wachoke. Watu wengi wakisimulia kisa hiki humcheka McClellan. Mimi naona farasi walikuwa na kesi yao. Mnyama akikonda, mgongo hubadilika umbo: misuli inapungua, mifupa inachomoza, na fremu ya mbao iliyomtosha akiwa mnene haimtoshi tena. Blanketi halifanyi miujiza. Hata hivyo, Novemba 5 Lincoln alisaini amri ya kumwondoa, na hakuongoza tena jeshi lolote.

Aliwania urais dhidi ya bosi wake huyo wa zamani mnamo 1864 na kubwagwa vibaya, kura 212 za wajumbe kwa 21. Baadaye alikuwa gavana wa New Jersey kuanzia 1878 hadi 1881. Alifariki Oktoba 29, 1885, akiwa na miaka 58.

Wapo wanahistoria wanaosema tandiko hilo hakulibuni kutoka Ulaya kama alivyodai, kwa vile linafanana sana na matandiko yaliyokuwa tayari Marekani, hasa yale yenye asili ya Mexico. Huenda ni kweli. Jina lilikuwa limeshabandikwa. Katika miaka ya 1870 jeshi lilifunika ile ngozi mbichi kwa ngozi laini, na askari wakapumua kidogo. Marekebisho yaliendelea, ule mwanya wa katikati ukiachwa palepale, hadi vikosi vya farasi vikavunjwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huko Texas, askari wa kikosi cha farasi cha maonyesho cha 1st Cavalry Division walilikalia kwenye gwaride miaka mingi baadaye.