Katharine Blodgett: Mwanafizikia aliyeigeuza rangi kuwa kipimo

TONE la mafuta ya gari likiangukia dimbwi la maji barabarani, hutanda na kutoa rangi za upinde wa mvua. Watu wengi huzipita rangi hizo bila kuzijali. Katharine Burr Blodgett, mwanafizikia wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1979, alizigeuza kuwa kipimo cha vitu vyembamba mno, ambavyo hakuna rula wala chombo cha fundi kingeweza kuvipima.

Magazeti ya enzi yake yalimsifu zaidi kwa jambo jingine: kioo kisichorudisha nuru. Sifa hizo alizistahili. Hata hivyo, kioo hicho hakikudumu sokoni, ilhali kipimo chake na mbinu yake ya kujenga utando, tabaka moja juu ya jingine, ndivyo vilivyoacha alama ya kudumu katika sayansi.

Blodgett alizaliwa Januari 10, 1898 mjini Schenectady, katika jimbo la New York. Hakuwahi kumwona babake. Majuma machache kabla ya kuzaliwa kwake, George Blodgett, wakili aliyeshughulikia hataza za kampuni ya General Electric, alipigwa risasi na kuuawa na mvamizi aliyeingia nyumbani kwao. Mjane wake, aliyeachiwa mtoto wa kiume na mimba, alihamia jiji la New York baada ya kujifungua. Mwaka wa 1901 aliwapeleka wanawe Ufaransa, na kwa hivyo Katharine akakua akizijua nchi na lugha zaidi ya moja.

Akiwa na umri wa miaka 15, alishinda ufadhili wa masomo katika Bryn Mawr, chuo cha wanawake kilichoko jimbo la Pennsylvania. Huko alivutiwa na hisabati na fizikia, na akahitimu mwaka wa 1917.

Alipokuwa akikaribia kuhitimu, alizuru maabara ya General Electric katika mji aliozaliwa. Aliyemtembeza humo ni Irving Langmuir, mwanakemia ambaye baadaye, mwaka wa 1932, alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Langmuir alitambua kipawa cha msichana huyo, lakini akamshauri aongeze elimu kwanza kabla ya kuomba kazi.

Ushauri huo aliuzingatia. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, na gesi za sumu zilikuwa zikiwaua askari katika medani za Ulaya. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, Blodgett alichunguza jinsi makaa yanavyonasa gesi ndani ya vinyago vya kujikinga. Alipata shahada ya uzamili mwaka wa 1918 na kuajiriwa mwaka huohuo katika maabara ya General Electric. Alikuwa na umri wa miaka 20, na ndiye mwanamke wa kwanza kuajiriwa humo akiwa mwanasayansi.

Baada ya kufanya kazi kwa miaka sita chini ya Langmuir, alivuka bahari hadi Uingereza mwaka wa 1924 na kujiunga na maabara ya Cavendish katika Chuo Kikuu cha Cambridge, iliyokuwa ikiongozwa na Ernest Rutherford. Mnamo 1926 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamifu ya fizikia kutoka chuo hicho. Ufanisi huo ulikuwa na uzito wa pekee, kwani Cambridge ilikuja kuwapa wanawake haki kamili za uanachama wa chuo mwaka wa 1948.

Aliporejea Schenectady, suala lililokuwa likimshughulisha Langmuir lilikuwa lile la tando zinazoelea juu ya maji. Wa kwanza kuzichunguza kwa makini hakuwa mtaalamu wa chuo kikuu. Agnes Pockels, Mjerumani ambaye hakupata nafasi ya masomo ya juu, alifanya majaribio yake nyumbani alipokuwa akiwatunza wazazi wake, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka wa 1891. Langmuir aliiendeleza kazi hiyo na mwaka wa 1917 akaeleza kuwa mafuta ya aina fulani hutanda juu ya maji hadi unene wake unakuwa wa molekuli moja tu. Kila molekuli husimama wima, upande mmoja ukishika maji na mwingine ukielekea hewani.

Blodgett ndiye aliyeuhamisha utando huo kutoka majini hadi juu ya kioo. Alitumia asidi ya steariki, ambayo hupatikana katika shahamu ya ng'ombe na hutumiwa kutengeneza sabuni na mishumaa. Aliitandaza juu ya maji yenye chumvi ya bariamu, kisha akatumbukiza kipande cha kioo na kukiinua taratibu. Utando ulishika kwenye kioo. Alipokitumbukiza na kukiinua tena, tabaka jingine lilikaa juu ya lile la awali. Haba na haba hujaza kibaba: kwa uvumilivu wa kutumbukiza na kuinua, aliweza kupanga mamia ya matabaka bila kupoteza hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa na faida kubwa. Kila tabaka lina unene wa takriban nanomita 2.4, na nanomita moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni moja. Kwa kuwa matabaka yote yalikuwa ya aina moja, aliyejua idadi yake alijua pia unene wa utando mzima.

Rangi ziliingia hapo. Nuru inapoangukia utando mwembamba, sehemu yake hurudishwa na uso wa juu, na sehemu nyingine hupenya na kurudishwa na uso wa chini. Mawimbi hayo mawili hukutana yanaporudi. Kilele kikikutana na kilele, nuru huongezeka. Kilele kikikutana na bonde, nuru hufifia. Kwa kuwa kila rangi ina urefu wake wa wimbi, unene wa utando ndio unaoamua ni rangi ipi itakayong'aa na ni ipi itakayozimika.

Jambo hilo halikuwa geni. Isaac Newton, katika kitabu chake kuhusu nuru kilichotoka mwaka wa 1704, alikadiria unene wa tabaka la hewa lililo kati ya vioo viwili kutokana na duara za rangi alizoziona. Mwishoni mwa karne ya 19, Mjerumani Paul Drude alionyesha jinsi ya kupima tando kwa kuchunguza mabadiliko ya nuru inayorudishwa nazo. Lakini mbinu ya Drude ilihitaji vifaa maalumu na hesabu ndefu.

Blodgett alitafuta njia ambayo mfanyakazi yeyote wa maabara angeweza kuitumia. Alijenga juu ya kioo kimoja utando wenye vidato kama vya ngazi, kila kidato kikiwa kinene kuliko kilichotangulia, na kila kimoja kikatoa rangi yake. Aliyetaka kujua unene wa utando mwingine aliilinganisha rangi yake na ya vidato hivyo. Kwa njia hiyo, unene uliweza kutambuliwa kwa usahihi wa takriban sehemu moja ya inchi iliyogawanywa mara milioni moja, kwa kutumia macho tu.

Mtu anayeweza kupima utando kwa kiwango hicho anaweza pia kuuamuru ufanye kazi fulani. Kioo cha kawaida hurudisha takriban asilimia nne ya nuru katika kila uso wake. Katika lenzi zenye vioo vingi, kama zile za kamera na darubini, hasara hiyo hujumlika na picha ikafifia. Blodgett alitambua kuwa utando wenye unene wa robo ya wimbi la nuru ungeyafanya mawimbi yanayorudi kufutana.

Mnamo Desemba 1938, General Electric ilitangaza matokeo. Utando wa matabaka 44, wenye unene wa takriban sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara elfu kumi, ulikifanya kioo kipitishe zaidi ya asilimia 99 ya nuru. Ili kufikia kiwango hicho, Blodgett alikuwa pia amegundua namna ya kuyeyusha sehemu ya asidi iliyomo ndani ya utando na kuacha matundu madogo sana, ili nuru iupite kwa wepesi zaidi. Magazeti yalikiita kioo kisichoonekana, na jina lake likavuma.

Lakini utando huo ulikuwa na dosari kubwa: ulikuwa laini, na ungeweza kufutika ukisuguliwa kwa kidole. Karibu wakati huohuo, Hawley Cartwright na Arthur Turner wa chuo cha teknolojia cha MIT walikuwa wakipaka vioo kwa kuvukiza chumvi za floraidi ndani ya ombwe. Nchini Ujerumani, Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alikuwa ametangulia kwa njia kama hiyo mwaka wa 1935. Tando zao zilikuwa ngumu zaidi, na njia hiyo ya ombwe ndiyo iliyotawala viwandani.

Kwa mtu aliyetafuta umaarufu pekee, hilo lingekuwa pigo. Blodgett aliendelea na kazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alishiriki katika utafiti wa moshi wa kuwaficha askari na wa kuzuia barafu kwenye mabawa ya ndege. Mnamo 1951 alitunukiwa nishani ya Garvan, ambayo Chama cha Kemia cha Marekani huwapa wanakemia wanawake, na mwaka huohuo mji wa Schenectady ukaitenga siku ya Juni 13 kwa heshima yake. Hakuolewa. Alipenda kilimo cha maua na kuigiza katika tamthilia za mjini kwake.

Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa nyuma ya lile la Langmuir, na wapo waliomwona kuwa msaidizi tu. Rekodi za kisayansi zinasema vingine. Makala ya mwaka wa 1935 yaliyoeleza kwa kina jinsi ya kujenga tando hizo yalikuwa na mwandishi mmoja, naye ni Blodgett. Wataalamu sasa huziita tando za Langmuir na Blodgett, na hutumiwa katika utafiti wa vitambuzi vya kemikali na wa ngozi zinazozunguka chembe hai.

Alistaafu mwaka wa 1963 na kufariki Oktoba 12, 1979, akiwa na umri wa miaka 81, katika mji uleule alikozaliwa. Mwaka wa 2007 jina lake liliingizwa katika Ukumbi wa Kitaifa wa Wavumbuzi nchini Marekani.

Leo hii, viwanda vya lenzi, vya paneli za sola na vya vipuri vya kompyuta hupima tando zao kwa mitambo ya spektroskopia. Mtambo humulika utando kwa nuru nyeupe, huichambua nuru inayorudi rangi moja baada ya nyingine, na kompyuta hukokotoa unene kutokana na rangi zilizoongezeka na zilizofifia. Kazi inayokamilika kwa sekunde chache inategemea kanuni ileile ambayo Blodgett aliitumia alipokishika kioo chake chenye vidato na kukilinganisha na utando asioujua unene wake.