Mohamed Amin Didi: Mwalimu aliyetawala visiwa vya Maldivi

 Ndugu Waislamu, leo tutamtazama mtu aliyeishi mbali nasi, lakini katika bahari hii hii yetu ya Hindi. Naye ni Mohamed Amin Didi, Rais wa kwanza wa Maldivi. Maisha yake yanatufunza kwamba kuwasomesha watu wa visiwa vidogo ni kazi tukufu, na vilevile ni kazi nzito inayoweza kumgharimu mtu roho yake.

Maldivi ni nchi ya Kiislamu tangu mwaka 1153. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa kadhi huko miaka kumi na miwili baadaye. Nchi ina visiwa vipatavyo 1,200, na vinavyokaliwa na watu havifiki 200, navyo vimetawanyika baharini kwa zaidi ya kilomita 800 kutoka kaskazini hadi kusini. Tangu zamani watoto walisomea nyumbani kwa mwalimu, mahali panapoitwa edhuruge. Hapo walifundishwa kusoma Qur'ani, kuandika lugha yao ya Dhivehi na hesabu kidogo. Msomaji aliyepita chuoni kwa maalimu hapa pwani anaielewa vyema picha hiyo. Kwa sababu ya vyuo hivyo, hata mvuvi wa kisiwa cha mbali aliweza kusoma na kuandika. Lakini elimu ya juu zaidi ya hapo haikuwa rahisi kupatikana.

Amin Didi alizaliwa Malé, mji mkuu, mwaka 1910. Akiwa mtoto wa miaka kumi alipelekwa kusoma Colombo, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Ceylon, yaani Sri Lanka. Mwaka 1928 akaenda Aligarh, India, kwenye chuo kikuu mashuhuri cha Waislamu. Huko aliona kwamba elimu ya dini na elimu ya dunia zinaweza kukaa chini ya paa moja bila kugombana. Aliporejea alishika nyadhifa mbalimbali serikalini. Alikuwa pia mshairi na mwandishi, na kwa miaka kadhaa alikuwa mkuu wa Majeediyya, shule ya Malé iliyoanzishwa mwaka 1927.

Mwaka 1944 masomo ya shuleni kwa wasichana yalifunguliwa mjini Malé. Yeye alilisimamia kwa nguvu suala la elimu ya wanawake, na shule hiyo baadaye ikapewa jina la Aminiya kwa kumkumbuka. Mwaka 1952 ilifunguliwa makumbusho ya taifa, ili vijana wajue walikotoka.

Lakini ndugu msomaji, hebu tuzingatie ugumu uliomkabili. Nchi nzima haikuwa na watu laki moja. Kisiwa kimoja kina familia chache tu. Utampeleka huko mwalimu wa kila somo kwa fedha gani? Na kama shule nzuri ziko Malé peke yake, basi mtoto wa kisiwani hana budi kuwaacha wazazi wake, apande mashua, akaishi kwenye nyumba ya watu. Wengi walilipia malazi yao kwa kazi za ndani, na muda wa kudurusu ukawa mchache. Hivyo mwanga uliowaka Malé ulichelewa mno kufika visiwa vya mbali.

Tena kulikuwa na njaa. Maldivi hailimi mpunga wa kuitosha. Mchele huja kwa meli. Vita Kuu ya Pili vilipokatiza safari za meli, watu waliteseka sana, na dhiki haikwisha upesi. Katika hali hiyo Amin Didi aliiweka biashara ya kusafirisha samaki nje mikononi mwa serikali, na akapiga marufuku tumbaku. Nia ilikuwa njema, lakini wafanyabiashara waliudhika na wananchi wakanung'unika.

Tarehe 1 Januari 1953 usultani uliondolewa, naye akawa Rais. Hakumaliza mwaka. Mwezi Agosti, akiwa Ceylon kwa matibabu, alipinduliwa. Aliporudi aliwekwa kizuizini katika kisiwa cha Dhoonidhoo. Mwishoni mwa mwaka huo alijaribu kurudi madarakani, akashambuliwa na umati wa watu na kupigwa vibaya. Alifariki tarehe 19 Januari 1954, akiwa na umri wa miaka 43. Usultani ukarejeshwa mwaka huo huo, ukadumu hadi 1968. Allah amrehemu na amsamehe.

Je, alishindwa? Aminiya haikufa naye. Shule zilifika visiwani hatua kwa hatua katika miongo iliyofuata, na mwaka 2011 nchi ikapata chuo kikuu chake cha taifa. Hata hivyo kifo chake ni somo kwa kila anayetaka kurekebisha elimu. Mzazi mwenye njaa hasikii habari ya shule. Na jambo la kheri likifanywa kwa haraka bila mashauriano, wale wale linaowafaa ndio huligeuka. Mwenyezi Mungu alimwamrisha Mtume wake ashauriane na watu, sembuse sisi.

Nasi wa Unguja, Pemba, Mafia na Lamu tujiulize: mtoto wa kisiwa kidogo anayevuka maji kwenda shule, nani anamjua hali yake huko anakolala? Anayemkaribisha mwanafunzi wa namna hiyo nyumbani kwake na amchukulie kama mwanawe, asimfanye mtumishi. Hilo halihitaji serikali wala bajeti.