Cousteau, mutu mwenye alitafuta hewa chini ya bahari

Bapapa na bamama wenye walikuwa na televizyo miaka ya 70 na 80 pengine wangali wanamukumbuka: muzee mwembamba, pua ndefu, kofia nyekundu ya sufu kichwani, amesimama juu ya mashua yenye kuitwa Calypso. Vijana wa leo hawajue jina lake, lakini kazi yake wanaiona. Kule Cape Town, katika Afrika Kusini, inchi yenye makamyo ya shaba yetu inaendaka kila siku, kuko watu wenye wanaishi kwa kazi ya kuongoza watalii ndani ya bahari. Gide anakupa maski ya kioo na tuba ya kupumulia, anakuingiza katika maji baridi, na unaogelea kati ya mwani mukubwa yenye inasimama kama miti ya pori. Inashika mawe chini, inapanda mpaka juu, na katikati yake muko pweza na samaki papa wadogo. Mutu mwenye alifanya dunia nzima itamani kuona mambo kama hayo ni Jacques-Yves Cousteau. Na chombo chenye kilimusaidia hakikuanzia bahari. Kilianzia katika mine.

Cousteau alizaliwa tarehe 11 mwezi wa sita 1910 katika Saint-André-de-Cubzac, upande wa Bordeaux, Ufaransa. Mwaka 1930 aliingia katika masomo ya jeshi la maji kule Brest. Lakini moyo wake haukuwa katika maji, ulikuwa katika ndege. Alitaka kuwa piloti. Aksida ya motokari usiku ikamukatalia. Mikono yote mbili iliumia vibaya, na kwa muda mukono moja haukuweza kusogea. Kazi ya ndege ikaishia pale. Walimutuma Toulon, na kila siku alikuwa anaogelea ili mikono ipate nguvu tena.

Pale Toulon kulikuwa ofisa mwenzake mwenye kuitwa Philippe Tailliez, mutu wa kupenda kuogelea na kuwinda samaki. Mwaka 1936 Tailliez alimupa miwani ya kuogelea, akamupeleka pwani ya Le Mourillon. Kwa maneno ya leo, tuseme Tailliez alikuwa gide wake. Cousteau alitia uso ndani ya maji, akaona chini yake mawe yenye kufunikwa na pori ya mwani, na samaki wanapita bila kumuogopa. Juu ilikuwa ni muji wa kila siku. Sentimeta kumi chini, inchi ingine kabisa. Alikuwa na miaka 26. Hakuomba tena ndege.

Shida ilikuwa hewa. Mutu mwenye kuzama na pumzi yake mwenyewe anabaki chini dakika moja, mbili kama ni mutu wa nguvu. Na mutu asifikiri kwamba angetafuta tu tuba ndefu. Maji ni mazito, yanafinya kifua. Ukishuka na tuba ya metre moja, kifua tayari kinashindwa kuvuta hewa ya juu. Ndiyo sababu tuba ya watalii ni fupi namna ile. Kulikuwa kaske kubwa ya shaba yenye kamba na mupira wa hewa kutoka juu, lakini mwenye kuivaa alitembea kwa viatu vya risasi, hakuogelea. Cousteau alijaribu oksijeni tupu, mara mbili mwili wake ukatetemeka kama wa mugonjwa wa kifafa, akaponea chupuchupu.

Hapa tumuache Cousteau kidogo, turudi nyuma miaka 80, juu jambo hili linatuhusu sisi.

Katika Aveyron, inchi ya makaa ya mawe, kusini ya Ufaransa, kulikuwa enjenyeri wa mine, Benoît Rouquayrol. Alizaliwa mwaka 1826 katika muji mudogo wa Espalion. Aliona mambo yenye kila mutu wa kazi ya chini anayajua: gaz inajaa katika galeri, maji inapanda, watu wako upande mwingine, na mwenye kwenda kuwaokoa anaanguka yeye pia. (Wenye walifanya kazi Kipushi hawana lazima ya kuelezwa maji: mwaka 2011 pampu zilishindwa na mine ikazama.) Mwaka 1860 Rouquayrol alipata cheti cha ugunduzi juu ya kisanduku cha chuma cha kubeba mugongoni, chenye hewa ya kufinywa. Akili yote ilikuwa katika ngozi ndogo ya mupira. Unapovuta pumzi, ngozi inavutwa, inafungua kivalvu, hewa inaingia kifuani. Unapoacha kuvuta, kivalvu kinajifunga. Hakuna hewa ya kupotea, hakuna mukono wa kufungua robine. Kifua chenyewe ndicho kinaagiza.

Kisha ofisa wa jeshi la maji, Auguste Denayrouze, alikiona chombo kile, na mwaka 1864 wakakibadilisha pamoja ili kitumike ndani ya maji. Lakini chuma cha wakati ule hakikuweza kubeba hewa nyingi. Bila pampu na mupira kutoka juu, mutu alikuwa na dakika chache tu. Rouquayrol alikufa mwaka 1875, na chombo chake kikasahauliwa karibu kabisa.

Mwezi wa kumi na mbili 1942, Wajerumani wanatawala Ufaransa, esansi hakuna. Motokari zinatembea na gaz. Katika kampani ya Air Liquide, kule Paris, enjenyeri Émile Gagnan alikuwa ametengeneza kivalvu cha kupima gaz yenye kuingia katika moteri. Baba mukwe wa Cousteau alikuwa mukubwa katika kampani ile. Ndiyo ilifungua mulango. Cousteau akaeleza shida yake, Gagnan akamuonyesha kivalvu cha motokari. Ilikuwa akili ileile ya Rouquayrol, lakini sasa kulikuwa chupa za chuma za nguvu. Walijaribu katika muto Marne, haikuenda muzuri: hewa ilikuwa inatoka ovyo wakati Cousteau anasimama, na inakuwa ngumu wakati anageuza kichwa chini. Wakarekebisha. Mwezi wa sita 1943, karibu na Bandol, Cousteau aliingia baharini na chupa mugongoni, akageuka huku na huku kama samaki. Bibi yake Simone alikuwa juu anamuangalia, na Frédéric Dumas alikuwa tayari kumufuata kama shida inatokea.

Lakini hewa si kitu cha kucheza nayo. Mwaka 1946 Cousteau na Dumas walishuka katika Fontaine de Vaucluse, chemchem yenye kina, ili kujua maji yake inatokea wapi. Juu, Maurice Fargues alishika kamba. Idadi ya kuvuta ilikuwa ndiyo lugha yao. Kule chini kichwa cha Dumas kikaanza kuzunguka, akawa karibu kupoteza akili. Cousteau mwenyewe alikuwa anachoka bila sababu. Akaanza kupanda kwa kamba huku anamushika mwenzake. Fargues, kwa kusikia kamba inavutwa, akafikiri wanaomba ingine, akawaachilia zaidi. Hesabu mwenyewe hofu ile. Mwishoni Fargues akaelewa, akavuta kwa nguvu zote, wakatoka wazima. Nyuma walipima chupa: kompreseri ilikuwa imevuta moshi ya moteri yake yenyewe. Ni sumu ileile yenye inauaka bakreseri wakati mutu anateremusha motopompe ya esansi ndani ya shimo: haina harufu, haina rangi, inalazisha mutu usingizi.

Mwaka uliofuata, 1947, Fargues mwenyewe alishuka karibu na Toulon kutafuta mwisho wa kina ambao mutu anaweza kufika na hewa ya kawaida. Kwenye kamba waliweka vibao vya kuandikia jina. Ishara zake zikasimama. Walipomuvuta alikuwa amekufa. Jina lake walilikuta limeandikwa kwenye kibao cha metre 120.

Mwaka 1950 Cousteau alipata Calypso, mashua ya zamani ya vita ya Waingereza. Tajiri Loel Guinness alimukodishia kwa franka moja kwa mwaka. Makuta ya safari ilitoka wapi? Hapa hadisi si safi kabisa. Mwaka 1954 kampani ya petroli ya Waingereza ilimulipa ili atafute dalili za petroli katika bahari ya Abu Dhabi. Watu wake walishuka na nyundo, wakapiga mwamba chini ya maji, wakaleta vipande kwa wajiolojia. Kazi ya mine, tu na samaki papa pembeni. Mwaka 1956 filme yake, Le Monde du silence, ikapata Palme d'or kule Cannes. Ukiiona leo inauma: wanalipua mwamba wa matumbawe na dinamiti ili kuhesabu samaki, wanachinja samaki papa kwa hasira. Wenye wanajua dinamiti wanajua pia kwamba mahali yenye kulipuliwa hairudie namna ilikuwa.

Yeye mwenyewe alibadilika, polepole. Mwaka 1960 alipinga kutupa takataka za nikleya katika Mediterane. Mwaka 1971 kikundi chake kilionyesha kwenye televizyo fisi-maji wa bahari wa California, kwenye mwani mukubwa inaweza kuota nusu ya metre kwa siku moja. Fisi-maji anakula shetani wa bahari, yule mududu wa miiba. Shetani wa bahari anakula mwani. Wawindaji walipomaliza fisi-maji kwa ajili ya ngozi, mahali pengi pori ya mwani ililiwa mpaka mawe ikabaki tupu. Kisha, karibu na uzee wa mwisho, Cousteau alikusanya sinyatire za watu wengi sana ili Antaktika isifunguliwe kwa mine. Mwaka 1991 mataifa yaliandika mapatano kule Madrid: kuchimba madini pale ni marufuku. Mutu mwenye aliishi kwa makuta ya petroli kufunga mulango kwa wengine! Kila mutu ajipimie. Mimi naona afazali alichelewa kuliko kutofika.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa mizito. Mwana wake Philippe, mwenye alipaswa kumurithi, alikufa mwaka 1979 wakati ndege yake ya maji ilianguka katika muto Tagus, kule Lisbon. Simone, mwenye aliishi ndani ya Calypso kupita mutu yeyote, alikufa mwaka 1990. Januari 1996 Calypso iligongwa katika bandari ya Singapore, ikazama. Cousteau alikufa Paris tarehe 25 mwezi wa sita 1997, na miaka 87, wakamuzika kule alizaliwa.

Rouquayrol naye hakusahauliwa kwao. Espalion iko mbali na bahari, lakini iko na makumbusho ya vyombo vya kuzamia, na katika muto wa muji walisimamisha sanamu ya mutu mwenye kuvaa chombo cha enjenyeri yule wa mine.