Frederick Douglass, Marshali wa Washington

Wengi wetu tumesoma habari za Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akawa msemaji hodari wa kupinga utumwa katika Marekani. Wachache wanajua kwamba alipata pia kuwa marshali wa mji mkuu wa nchi hiyo, na kwamba kazi hiyo ilimletea heshima na lawama pamoja.

Alizaliwa jimbo la Maryland mwaka 1818, mama yake akiwa mtumwa. Mwaka 1838 alitoroka akiwa amevaa nguo za baharia. Baadaye aliandika kitabu, akasafiri Uingereza, na rafiki zake wa huko wakachanga fedha wakamnunulia uhuru. Hayo yanajulikana, nami sitayarefusha.

Marshali ni ofisa wa Serikali Kuu ya Marekani. Hupeleka hati za mahakama, hukamata wahalifu na kuwalinda wafungwa. Rais humteua, na Baraza la Seneti humthibitisha. Sheria ya mwaka 1850 iliwalazimisha marshali kuwakamata watumwa waliotoroka, na aliyekataa alitozwa faini ya dola 1,000. Basi fikiri, msomaji: Douglass alikuja kukalia kiti cha wale waliowawinda watu kama yeye.

Lakini kiti hicho hakikutolewa bure. Siku zile chama kilichoshinda uchaguzi kiligawa kazi za Serikali kwa watu wake, kama wawindaji wagawanavyo nyama. Douglass alikuwa amekipigania chama cha Republican miaka mingi. Katika uchaguzi wa mwaka 1876 palitokea ugomvi mkubwa, na mwisho Rutherford Hayes alipewa urais kwa kura 185 za wajumbe dhidi ya 184. Machi 1877 akamteua Douglass. Mawakili wengi wa Washington walipinga, lakini Seneti ilimkubali, akawa marshali wa kwanza mweusi.

Mwezi uliofuata, Hayes huyo huyo aliwaondoa askari wa Serikali Kuu waliokuwa wakizilinda serikali za South Carolina na Louisiana. Watu weusi wa huko wakaachwa mikononi mwa mabwana zao wa zamani. Ndipo watu walipouliza kama cheo cha mtu mmoja kilikuwa bei ya kuwanyamazisha wengi.

Tena cheo chenyewe kilipunguzwa. Ilikuwa desturi marshali wa Washington kusimama karibu na Rais katika karamu na kumtajia majina ya wageni. Hayes aliiondoa kazi hiyo kwa Douglass, akampa mtu mwingine. Rafiki zake wengine walimtaka ajiuzulu kwa hasira. Yeye alikataa, akisema kwamba sheria haikumpa marshali kazi hiyo kamwe. Mimi naona jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikuiondoa aibu. Hata hivyo tusimwonee Hayes: Douglass alipousema vibaya mji wa Washington katika hotuba yake ya Baltimore, na watu wakadai afukuzwe, Rais hakumfukuza.

Mwaka huo huo Douglass alikwenda kumwona Thomas Auld, aliyekuwa bwana wake, ambaye sasa alikuwa mzee mgonjwa kitandani. Auld alimwita kwa cheo chake cha marshali. Auld alilia, naye Douglass alishindwa kusema kwa muda.

Machi 1881 Douglass aliongoza msafara wa kumwapisha Rais mpya, James Garfield. Alitumaini kubaki katika kazi yake, lakini Garfield alitaka kumweka rafiki yake hapo. Douglass akahamishiwa ofisi ya kuandikisha hati za ardhi, na humo naye akawapa kazi watoto wake mwenyewe. Miezi michache baadaye Garfield alipigwa risasi na mtu aliyekasirika kwa kunyimwa kazi ya Serikali, akafa Septemba.

Mwaka 1883 sheria ilitungwa ili makarani wengi waajiriwe kwa mtihani. Marshali hawakuguswa, hata leo Rais ndiye awateuaye. Douglass alifariki Februari 1895 katika nyumba yake ya Cedar Hill, aliyoinunua mwaka aliopata umarshali.