GANDHI, WAKILI WA WANYONGE

Mtu akidhulumiwa huambiwa aende mahakamani. Lakini kwenda mahakamani kunataka mambo mengi. Kunataka nauli. Kunataka karatasi. Kunataka mtu anayejua sheria. Maskini hana fedha za kumlipa wakili. Kwa hiyo anaweza kuwa na haki, na bado akaikosa.

Hii ni habari ya wakili mmoja aliyeliona jambo hilo. Jina lake ni Mohandas Gandhi. Watu wengi wanamjua kuwa ni kiongozi aliyepigania uhuru wa India. Wachache wanajua kazi yake ya uwakili.

Wakili aliyeshindwa kusema

Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 katika mji wa Porbandar, pwani ya magharibi ya India. Mwaka 1888 alikwenda London kusomea sheria. Mwaka 1891 alifaulu, akarudi kwao.

Kesi yake ya kwanza ilikuwa katika mji wa Bombay, ambao siku hizi huitwa Mumbai. Aliposimama kuwahoji mashahidi, kichwa kilimzunguka. Hakuweza kutamka hata neno moja. Aliketi, akasema kesi apewe wakili mwingine, akatoka kwa aibu. Baadaye alipata riziki kwa kuwaandikia watu barua za madai.

Mwaka 1893 alipata kazi mbali na kwao. Mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Afrika ya Kusini, Dada Abdulla, alikuwa na kesi kubwa ya fedha. Gandhi aliajiriwa kusaidia katika kesi hiyo. Alisafiri kwa meli. Njiani alipita Lamu, Mombasa na Unguja.

Vita vya panzi

Dada Abdulla alikuwa akimdai ndugu yake. Gandhi alisoma makaratasi yote ya kesi. Aliona kuwa Dada Abdulla ana haki. Lakini aliona jambo jingine pia. Kila siku kesi ilipoendelea, malipo ya mawakili yaliongezeka. Mdai na mdaiwa wote wawili walikuwa wanafilisika. Wazee wetu walisema kweli: vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Gandhi aliwashauri wamweke msuluhishi. Wakakubali. Dada Abdulla alishinda. Mdaiwa alitakiwa kulipa paundi 37,000 pamoja na gharama za kesi. Angelipa zote kwa mara moja angeangamia. Gandhi akamwomba Dada Abdulla akubali kulipwa kidogo kidogo kwa muda mrefu. Naye alikubali. Tangu siku hiyo Gandhi aliamini kuwa kazi ya wakili si kuchochea ugomvi. Kazi yake ni kuwapatanisha watu bila ya kuipoteza haki.

Kibarua mwenye kilemba mkononi

Mwaka 1894 Gandhi alibaki Durban, katika nchi ya Natal. Wafanyabiashara kiasi cha 20 walimpa kazi zao za sheria. Malipo yao yalimpa chakula na nyumba. Kwa kazi ya kuwatetea watu wote hakutaka malipo.

Wakati huo walikuwako Natal vibarua wengi kutoka India. Walianza kuletwa mwaka 1860 kulima miwa. Walifungwa na mkataba wa miaka 5. Mtumishi wa kawaida akimwacha tajiri wake bila ya kutoa habari, alishtakiwa kwa madai tu. Kibarua wa mkataba akiondoka, alihesabiwa kuwa mhalifu, akatiwa gerezani.

Siku moja alifika kibarua mmoja aitwaye Balasundaram. Nguo zake zilikuwa zimechanika. Mdomo ulikuwa unatoka damu, na meno mawili ya mbele yamevunjika. Alikuwa akilia na kutetemeka. Tajiri wake alikuwa amempiga. Kilemba chake alikishika mkononi, maana vibarua walilazimishwa kuvua vilemba mbele ya Wazungu. Gandhi alimwambia akivae tena.

Gandhi hakujua lugha yake. Karani wake alitafsiri maneno yote. Kisha Gandhi alifanya mambo kwa utaratibu. Kwanza alimpeleka kwa daktari, akapata hati ya kuonyesha majeraha. Halafu alimpeleka kwa hakimu, pamoja na maelezo yaliyoandikwa. Hakimu alikasirika, akaamuru tajiri yule aitwe.

Je, Gandhi alitaka tajiri afungwe? Hapana. Alijua kuwa kufungwa kwa tajiri hakutamsaidia Balasundaram. Kilichotakiwa ni Balasundaram aondoke katika mikono ya yule tajiri bila ya kuvunja sheria. Njia mojawapo ilikuwa mkataba wake uhamishwe kwa mtu mwingine. Gandhi alikwenda kuzungumza na tajiri, naye akakubali. Gandhi akatafuta mwajiri mpya. Hakimu alimwona tajiri wa kwanza kuwa na hatia, na mkataba ukahamishwa.

Habari hiyo ilienea katika mashamba yote. Vibarua walistaajabu kusikia kuwa yuko mtu wa kuwatetea. Wakaanza kumjia Gandhi mmoja mmoja.

Lakini tuseme ukweli wote. Katika miaka ile Gandhi aliwatetea Wahindi wenzake. Waafrika wenye nchi walidhulumiwa zaidi, naye hakuwatetea. Tena aliandika maneno ya kuwadharau. Hata mtu mwema huwa na makosa yake.

Mawakili waliogeuka makarani

Gandhi alirudi India mwaka 1915. Kuanzia mwaka 1916 hadi 1917 mkulima mmoja wa wilaya ya Champaran alimfuata mara nyingi, akimwomba aende kuona shida zao. Wakulima wa huko walilazimishwa na Wazungu kupanda nili, mmea unaotoa rangi ya buluu. Kila sehemu 20 za shamba, 3 zilikuwa za nili. Malipo yalikuwa madogo, na chakula kilipungua.

Mawakili wa huko waliwatetea wakulima, lakini walitoza fedha nyingi. Gandhi aliwaambia kuwa mtu mwenye hofu na njaa hasaidiwi na kesi za ghali. Aliwataka wafanye kazi bila ya malipo, wawe makarani na wakalimani. Walikubali. Mmoja wao alikuwa Rajendra Prasad, ambaye mwaka 1950 alikuwa Rais wa kwanza wa India.

Serikali ilimwamuru Gandhi aondoke. Alikataa, akashtakiwa, lakini kesi ikafutwa. Mawakili waliketi kutwa wakiandika maneno ya maelfu ya wakulima. Kila mtu aliulizwa maswali mengi. Aliyesema uongo hakuandikwa. Hivyo ilikuwa vigumu kuyabeza maandishi yale.

Serikali iliunda kamati, na Gandhi alikuwa mjumbe. Matajiri walikubali kurudisha robo ya fedha walizowatoza wakulima kwa dhuluma. Mwaka 1918 sheria mpya ilifuta kulimishwa nili kwa nguvu.

Baada yake

India ilipata uhuru mwaka 1947. Tarehe 30 Januari 1948 Gandhi aliuawa kwa risasi mjini Delhi. Mwaka 1976 Katiba ya India iliongezwa kifungu kinachoitaka serikali kuwapa maskini msaada wa sheria bila ya malipo. Mwaka 1987 ilitungwa sheria ya kutekeleza jambo hilo.

Ndugu msomaji, kumbuka hatua alizofuata Gandhi. Sikiliza kwanza. Andika mambo yalivyotokea. Tafuta ushahidi mapema. Tafuta suluhu pale inapowezekana, lakini usiiache haki. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Hatua ya pili unaweza kuianza leo, kwa ajili yako na kwa ajili ya jirani yako asiyejua.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Gandhi alimpeleka Balasundaram kwa daktari kabla ya kumpeleka kwa hakimu?
2. Kwa nini hakutaka tajiri afungwe? Je, wewe ungefanya hivyo?
3. Katika kijiji chetu, mjane aliyenyang'anywa shamba, naye hana fedha, aende wapi kupata msaada?